Dakika Kumi na Nane za Constance

Constance alikuwa ameshika kikombe cha chai mkono mmoja na kitenge cha kuuza mkono wa pili aliposikia mtu akisimulia maisha yake. Mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Ilikuwa Mbarara, mwezi wa sita mwaka 2014, kwenye kibanda cha chai karibu na lango la kambi ya jeshi ya Makenke. Kila Jumanne Constance alitoka Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, na vitenge vyake vya Kikongo kuwauzia wake za askari. Ni wateja wazuri, lakini wana mdomo: watakigeuza kitenge mara saba, watakivuta pembe zote nne, halafu waseme rangi itachuja. Mwenye kibanda aliitwa Gaju, mke wa sajini, mwanamke mpana na mcheshi, na simu yake ya Kichina ilikuwa na spika ya kutosha kuhubiria mtaa mzima. Asubuhi hiyo ilikuwa inaimba nyimbo za kwaya ya Nakivale. Constance alijisikia raha kidogo, tena alijizuia kutabasamu, kwa sababu sauti ya kwanza katika wimbo ule ilikuwa yake. Wimbo ukaisha. Pakawa na kimya, kisha mlio wa sufuria, kisha mtu akakohoa.

"Naitwa Constance," simu ikasema. "Nilizaliwa karibu na Uvira. Nitasema yote, lakini naanza na ile siku ya ku mto."

Chai ilimmwagikia mguuni na hakuisikia kama ni ya moto.

"Hii hapana wimbo," Gaju alisema, akiendelea kukanda unga wa chapati. "Iko inakuja kila siku nyuma ya hii kwaya. Mimi nafikiria ni mahubiri." Kisha akainua macho, akauona uso wa mteja wake, akasikiliza tena ile sauti ya simu. Gaju hakuwa mjinga. Mkono wake wenye unga uliruka hadi kwenye simu, akaizima kabisa, sauti na taa.

"Ni wewe," alisema.

"Ni miye."

"Mimi hapana sikia yote, dada. Wateja iko mingi, nasikia kidogo kidogo tu." Akafuta simu kwa aproni, akamnyooshea. "Toa wewe mwenyewe. Mimi nikigusa nitatoa na nyimbo zote."

Constance aliiwasha simu, akaifuta ile sauti. Alikosea kitufe mara mbili. Alipouliza kadi ile ya memori ilitoka wapi, Gaju alisema mzee wake aliinunua alipopita Nakivale, ikiwa imeshajazwa nyimbo, kwenye kibanda cha kuchaji simu kule Juru, kijiji cha Constance. Hakuhitaji kusema cha nani. Nyuma ya kadi palikuwa na nukta ya rangi nyeupe, na Juru nzima ilijua kwamba nukta nyeupe ni alama ya Gradi.

Sasa nieleze ile sauti ilivyopatikana, maana kuna watakaosema alijitakia mwenyewe, na watu wa kusema hivyo hawajawahi kupungua duniani.

Nakivale kila mtu anayengoja kuhojiwa ili apelekwe ng'ambo hufanya mazoezi ya maisha yake. Usicheke. Anayekuhoji atakuuliza jambo moja leo, ataliuliza tena baada ya miezi minne kwa mlango mwingine, na ukisema leo Juni na siku ile Julai, faili lako linaenda chini ya mafaili mengine na huko ndiko litakapozeekea. Kwa hiyo watu hukaa na jirani au shemeji, wakasema yote, na jirani akawasahihisha tarehe. Constance hakutaka jirani. Alikuwa na mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Basi alifunga mlango, akaiegemeza simu kwenye sufuria, akajisimulia mwenyewe kwa dakika kumi na nane. Aliisikiliza mara mbili, akagundua amekosea mwaka mmoja, akalala. Kesho yake alikwenda kwenye mahojiano akayasema yote pale mezani bila kukosea. Ile sauti aliisahau kwenye simu, na simu, kama simu zote za Juru kusiko na umeme, ilikwenda kwa Gradi kuchajiwa.

Alisema nini katika dakika hizo? Sitakuambia. Hakuniruhusu. Nitasema jambo moja tu, kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini alirudi Nakivale siku ile akiwa amesahau nusu ya vitenge vyake Makenke.

Katika dakika ya nne anamtaja Nehemiya.

Nehemiya alikuwa mtoto wa mwisho wa Mama Yudita, jirani wa Constance kule nyumbani. Alipotea mwaka 2004 watu walipokuwa wanakimbia, akiwa na miaka kumi na saba. Mama Yudita alifika Nakivale mwaka 2007, akapewa kiwanja hatua mia mbili kutoka kwa Constance, na siku ya kwanza kabla hata hajashusha mzigo kichwani alimuuliza: "Mwanangu Constance, haukumuona Nehemiya mu njia?" Constance akajibu, "Hapana, mama."

Alikuwa amemwona. Alikuwa naye hadi mwisho.

Neno moja, hapana, na likakaa miaka saba. Kila Jumapili, wakati wa maombi, Mama Yudita alisimama kanisani akasema, "Mutoto wangu Nehemiya, Mungu anajua fasi aliko, amurudishe." Na Constance, kwenye safu ya kwaya, alitazama vidole vya miguu yake. Mara nyingi alikata shauri kwenda kumwambia, na mara nyingi alifika hadi kwenye miti ya kahawa ya mama yule akapinda kulia kana kwamba alikuwa anakwenda kisimani. Alimpelekea unga, alimlimia, alimfulia alipougua. Watu walimsifu kwa upendo wake na sifa zile zilimchoma. Tangu Pasaka ya mwaka ule Mama Yudita alikuwa haombi tena kwa kusimama. Alibaki ameketi, kimya. Watu walisema ni magoti.

Na Pasaka hiyohiyo ndipo akina mama wa kanisa walipomchangia simu, wakaenda kumjazia nyimbo kwa Gradi.

Kwa hiyo unaona. Constance hakuogopa sana kwamba askari wa Makenke wamesikia. Aliogopa kwamba siku moja, katikati ya nyimbo, mama yule angemsikia mwanawe akifa ndani ya simu, na aliyekuwa akisimulia ni yule aliyemwambia hapana.

Gradi alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, aliyesomea mambo ya redio Uvira kabla shule haijafungwa. Kibandani kwake kulikuwa na sola mbili, betri za gari, kompyuta moja kuukuu na meza ndefu ambapo simu zililala zikiwa zimefungwa vikaratasi vyenye namba. Jumatano asubuhi Constance alisimama mbele ya meza hiyo bila kusalimia.

"Sauti yangu imefikaje Makenke?"

Kwanza Gradi alisema hajui. Halafu akasema labda ni mtu mwingine. Halafu, kwa sababu hakuwa mwongo wa kazi, akaigeuza kompyuta upande wa Constance, akafungua sanduku lililoandikwa Kwaya, na pale katikati ya nyimbo mia mbili na kitu palikuwa na faili moja lisilo na jina, namba tu.

"Yaya, dada yangu, sikufanya kwa mubaya," alisema. "Hizi memori za Kichina zinakufaka mbio. Bantu banakuja hapa banalia nyimbo zao, picha za ndoa zao. Njo maana kila simu ikifika, nafanya kopi ya yote. Ikikufa, nawarudishia. Unajua niliwarudishia bantu wangapi?"

"Na yangu uliiweka mu kwaya."

"Ilikuwa mu memori moja na nyimbo zako. Sikuisikiliza. Kompyuta inaona sauti, inaweka na sauti."

"Uliniuliza?"

Gradi alikuna kichwa. Ukweli ni kwamba halikuwahi kumpitia akilini. Mtu akikuachia simu yake, amekuachia. Kijiji kizima kilifikiri hivyo, na Constance mwenyewe alifikiri hivyo mpaka jana saa nne asubuhi.

"Hapana," Gradi alisema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Maji yakimwagika hayazoleki, yaya."

Aliyemwaga ndiye mwepesi wa kuikumbuka methali hiyo. Constance alimtazama mpaka akainamisha macho.

Alhamisi ndiyo siku ya mwanasheria kule Base Camp, penye ofisi za makazi. Constance alipanga foleni tangu alfajiri, na alipoingia alimkuta kijana wa Kiganda anayeitwa Kabanda, suruali imepigwa pasi, ambaye Kiswahili chake alikiokota polisi na mahakamani na hakuona haya nacho. Alimsikiliza bila kuandika. Hilo Constance alilipenda. Katika miaka kumi ya ukimbizi alikuwa ameyatoa maisha yake kwenye madirisha mengi mno: mpakani, kwenye uandikishaji, kwenye chakula, kliniki, alama za vidole, picha ya uso, picha ya familia. Kila dirisha lilikuwa na kalamu tayari, na hakuna aliyemwambia maneno yale yanakwenda kulala wapi.

"Madamu, iko haki yako," Kabanda alisema. "Katiba yetu, kifungu ishirini na saba. Mutu asiingilie nyumba ya mwenzake, ao barua yake, ao mawasiliano yake. Haisemi raia. Inasema mutu. Hata mukimbizi iko mutu."

Constance alirudia neno hilo moyoni. Lilikuwa dogo na lilimtosha.

"Sasa tukienda polisi," Kabanda aliendelea, "watachukua hiyo kompyuta. Lazima wasikilize, wajue ni sauti ya nani. Mukalimani atasikiliza. Korti pia."

"Ili waonyeshe kama bantu balisikiliza siri yangu, lazima basikilize tena bantu wengine?"

"Sheria ya hizi mambo za simu bado iko nyuma," Kabanda alikiri. "Mimi sitakudanganya. Lakini uamuzi ni wa wewe. Kama hapana taka, hii faili sitafungua. Hata jina sitaandika."

Constance alimtazama kuona kama anatania. Tangu avuke mpaka, hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kumwuliza kama anataka. Alimshukuru kwa mikono miwili, akatoka nje bila faili na bila karatasi, na njia yote ya kurudi Juru alitembea kichwa juu. Mtu akikurudishia ruhusa yako unatembea hivyo, hata kama shida yenyewe bado iko palepale.

Ijumaa Gradi alikuwa anamngoja. Hakuwa amelala vizuri, ilionekana. Alikuwa amefuta sanduku zima la Kwaya kwenye kompyuta, na mengine yote aliyokuwa amenakili, miaka miwili ya kazi.

"Na nimepata njia," alisema. "Sikia. Kila simu ya Juru inachaji hapa. Hakuna fasi nyingine. Mu wiki moja, siku kumi, zote zitapita ku hii meza. Zikifika, nafungua, nafuta ile namba, nafunga. Hakuna mutu atajua. Dawa ya moto ni moto."

Ilikuwa njia nzuri. Ilikuwa nyepesi, tena ya kimya.

"Na ya Mama Yudita?"

"Iko hapa." Gradi alionyesha kwa kidevu. "Namba tisa. Aliileta asubuhi. Nafuta saa hii?"

Simu yenyewe ilikuwa ndogo, nyekundu, imevishwa kitambaa alichokifuma Mama Yudita kwa uzi wa sweta. Constance aliichukua. Aliitoa kwenye kitambaa, akabonyeza hadi akafika kwenye nyimbo, na ile namba ilikuwepo, ya kumi na moja. Kubonyeza mara mbili tu, na hapana yake ya mwaka 2007 ingebaki salama milele. Nataka ujue kwamba kidole chake kilikuwa juu ya kitufe na kwamba hakikuwa pale kwa bahati mbaya.

Kilichomzuia hakikuwa utakatifu. Ni kwamba alipokuwa anapita kwenye simu ile aliona picha: Mama Yudita amejipiga mwenyewe, karibu mno, jicho moja na nusu ya kilemba. Ilikuwa picha ya kujaribu, ya mtu aliyedhani hakuna atakayeiona. Constance akahisi aibu usoni, kama aliyeingia chumbani kwa mkwewe bila hodi.

Akairudisha simu kwenye kitambaa chake, akaiweka mezani.

"Hapana," alisema. "Hivi njo ulinifanyia miye. Kuingia mu kitu ya mutu, kimya, juu unafikiri ni muzuri kwake."

"Lakini yaya, tunafuta, hatuibi."

"Nilimudanganya kwa kinywa miaka saba. Leo nimuibie na kwa mukono?" Gradi hakuelewa, na Constance hakumweleza. "Tutaomba. Mutu kwa mutu. Nitakaa hapa."

Na alikaa. Alileta kigoda chake, maharage yake ya kuchambua, na kila aliyekuja na simu alimwambia maneno yaleyale: "Mu memori yako kuna sauti yangu. Niliirekodi kwa ajili yangu peke yangu. Naomba ruhusa niifute." Saa kumi siku hiyo ya kwanza Mama Yudita alikuja kuchukua namba tisa. Na shujaa wetu, aliyekuwa amezungumza kwa ujasiri na watu kumi na wanne, alikuwa ameinama nyuma ya kibanda akitafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Ukitaka kuwajua watu, waombe ruhusa. Mashemasi wana namna yao: Kalume wa kanisa la juu alisema hajawahi kuisikiliza hata sekunde moja, kisha akamfariji kwa yaliyokuwa kwenye dakika ya kumi na mbili. Mwanamke mmoja alitoa simu bila neno, akambusu mkono, akaondoka akilia. Bwana Musoni, anayebeba watu kwa baiskeli, hakujua hata kama simu yake ina memori. Kijana mmoja alikataa katakata, akasema alichonunua ni chake, lakini siku ya tatu alirudi mwenyewe akasema, "Futeni. Dada yangu naye iko na hadithi yake. Nilimufikiria." Mzee mmoja alimwuliza Constance kwa hasira kwa nini anafuta, si ndiyo yaliyowapata wote? Constance alimjibu kwamba ndiyo, yaliwapata wote, na kama baba anataka kusimulia ya kwake, yeye atakaa chini amsikilize mpaka mwisho. Mzee akatoa simu.

Haikuwa yote. Kadi nyingine zilikuwa zimekwenda Mbarara, nyingine Kampala, na moja, ilisemekana, ilivuka hadi ng'ambo na familia iliyosafiri. Constance alijua hataifikia kila moja. Lakini jambo jipya lilianza Juru wiki ile bila kutangazwa na mtu: kabla ya kumpa Gradi simu, akina mama walifungua mgongo wake, wakatoa kile kikadi kidogo kama ukucha, wakakifunga kwenye pindo la kitenge, mahali pa kufungia vitu vya thamani. Gradi aliona, akaona haya, kisha akachukua mkaa akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: HAPA TUNACHAJI. HATUFUNGUI. TUNAULIZA KWANZA.

Ijumaa ya pili Constance aliinua macho kutoka kwenye maharage akaona ndara za plastiki na fimbo. Hapakuwa na muda wa kwenda nyuma ya kibanda.

Mama Yudita hakumpa Gradi simu. Alikaa kwenye benchi karibu na Constance, akashusha pumzi, akachukua kiganja cha maharage akaanza kuchambua naye. Alitupa mabovu matatu kabla hajasema.

"Nasikia uko unaomba bantu ruhusa."

"Ndiyo, mama."

"Miye haujaniomba."

Constance alifungua kinywa na yale maneno aliyoyasema mara mia hayakuja. "Mama," alisema. "Mu simu yako kuna..."

"Najua kile kiko mu simu yangu. Nilikisikia mwezi ya ine, wiki moja kisha Pasaka. Nilikuwa nachambua maharage, vile vile sasa. Nikasikia sauti yako. Nikafurahi, nikasema, mwanangu Constance anaimba peke yake. Kisha ukataja Nehemiya."

Gradi aliinuka polepole akatoka nje kwenda kufuta vumbi kwenye sola zake. Kwa hilo ninamsamehe mengi.

"Nikazima," Mama Yudita alisema.

"Haukusikia mpaka mwisho?"

"Nilisikia jina tu. Vile ulilitaja, nikajua kama mutoto wangu haiko tena muzima. Mutu hatajake jina ya muzima vile. Vidole kumi ya mikono yangu ilitaka kuwasha tena. Lakini haikuwa yangu. Ulifunga mulango, ulisema na Mungu wako ao na nani, siyo miye. Nikasema, kama ni ya kunipa, ataleta. Anajua kwangu."

Miezi miwili. Constance alihesabu bila kutaka. Miezi miwili mwanamke yule alikuwa na jibu la miaka kumi mfukoni mwake, limevishwa kitambaa cha uzi, na hakulifungua. Ndiyo sababu hakusimama tena kanisani. Hayakuwa magoti.

Hapo ndipo Constance alipolia, kwa sauti, bila kujali nani anapita. Alilia hapana yake yote. "Nilikudanganya, mama. Ile siku ya kwanza. Nilikuambia sikumuona."

"Najua."

"Niliogopa utauliza juu ya nini miye niko muzima na yeye hapana."

Mama Yudita aliweka maharage chini. Alimfuta uso kwa pindo la kitenge, bila haraka na bila upole mwingi, kama mtu anavyomfuta mtoto wake mwenyewe. "Nitakuuliza," alisema. "Nitakuuliza na utanijibu. Lakini kwanza ufanye kazi yako. Omba."

Constance alijikaza. "Mu memori yako kuna sauti yangu," alisema, na ilimchukua muda kufika mwisho. "Niliirekodi kwa ajili yangu peke yangu. Naomba ruhusa niifute."

"Nakupa." Mama Yudita akamkabidhi simu nyekundu. "Futa. Sitaki kusikia mutoto wangu mu simu. Kisha unipeleke nyumbani, uniambie na kinywa chako."

Alibonyeza mara mbili. Ya kumi na moja ikatoweka, na ya kumi na mbili, ambayo ilikuwa wimbo wa kawaida wa Krismasi, ikapanda kuchukua nafasi yake.

Hatua mia mbili ni kidogo, lakini ukitembea na mzee mwenye fimbo zinatosha kupanga maneno. Walipita miti ya kahawa na safari hii Constance hakupinda. Mama Yudita alifungua mlango, akatandika mkeka, akaketi kwa kuegemea ukuta, akanyoosha miguu yake mbele. Constance alipiga magoti karibu naye. Alikuwa amezisimulia zile dakika kumi na nane kwa simu, na kwenye meza ya wageni, na alijua kila tarehe. Aligundua kwamba hakutaka kuanza na tarehe.

"Kuna kitu sikusema mu simu, mama," alisema. "Hata ku entavyu sikukisema, juu hawakuuliza. Pale ku mto, mbele ya yote, alikuwa anaimba. Batoto walikuwa wanalia, njo akawaimbia."

Uso wa Mama Yudita ulibadilika, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka ulikuwa uso wa mtu anayepokea kitu.

"Wimbo gani?" aliuliza.

Constance alivuta pumzi ya sauti ya kwanza. Lakini Mama Yudita aliinua mkono kumsimamisha kidogo, akaishika fimbo yake, akaisukuma ile mbao ya mlango hadi ikajifunga, na sisi tukabaki nje, mahali petu.